Daktari wa moyo ni nani hasa? Mfano wa Machakos, na funzo kwetu sisi wa Pwani

Kuna maneno twayatumia kila siku bila kuulizana maana yake, na "daktari wa moyo" ni mojawapo. Muuguzi anayempima bibi presha kwenye zahanati ya mtaa aitwa daktari wa moyo. Mwenye duka la dawa anayetoa vidonge vya presha bila karatasi ya hospitali, naye aitwa daktari. Anayeuza mizizi na kuapa kwamba yazibua mishipa hujiita daktari bingwa, tena kwa kipaza sauti. Na yule aliyesoma miaka zaidi ya 12 baada ya kumaliza shule ya upili, jina lake ni hilo hilo. Siku kifua kinapombana baba saa nane za usiku, ndipo watu wa nyumbani hugundua kwamba hawajui waubishe mlango wa nani.

Makala haya yataeleza kazi ya daktari wa moyo, masomo anayopitia, na jinsi ya kumtofautisha na wengine wote wanaobeba jina lake. Mfano nitakaotumia ni wa Machakos. Nairobi ina kila kitu, hivyo haitufundishi mengi. Machakos iko katikati. Ni mji wenye hospitali kubwa ya kaunti, mwendo wa kama kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Tukijua mgonjwa wa moyo wa Machakos hupita njia gani, tutajua pia mgonjwa wa Kilifi, Kwale au Lamu ana kazi kubwa kiasi gani mbele yake.

Mji ambao reli iliupita kando

Kila apandaye basi la Nairobi kutoka Mombasa huipita njia panda ya Machakos, safari ikikaribia kwisha. Wengi hatuingii mjini. Lakini Machakos ni kongwe kuliko Nairobi. Misafara ya kutoka Pwani ilipumzika huko, na Waingereza waliweka makao yao ya utawala hapo kabla ya Nairobi kuwa mji. Reli ilipojengwa haikuingia Machakos. Ilipita mbali kidogo, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi za serikali zikaifuata huko huko.

Nimeyataja haya kwa sababu madaktari bingwa walifuata njia ile ile. Zilipo ofisi kuu, vyuo vikuu, mashine ghali na wagonjwa wenye bima, ndipo mabingwa walipojaa. Hospitali ya Machakos ni ya ngazi ya 5 katika mpango wa afya wa Kenya wenye ngazi 6. Ngazi ya 1 ni wahudumu wa afya wa kijijini, ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, ya 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya 6 ni hospitali za kitaifa kama Kenyatta. Kwa hivyo Machakos iko hatua moja tu chini ya kilele. Hata hivyo, mgonjwa wake anayehitaji kupasuliwa moyo hufungiwa safari ya Nairobi. Ngazi ya hospitali ni jambo moja, na kuwepo kwa bingwa mwenyewe na vifaa vyake ni jambo jingine.

Kazi yake ni nini

Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani mara laki moja na zaidi kwa siku. Ndani yake mna mambo manne ya kuangaliwa: nyama yenyewe inayosukuma damu, vali zinazofunguka na kufunga kama milango, mishipa inayoulisha moyo, na umeme unaoupa moyo mwendo wake. Daktari wa moyo ni mtu aliyesomea jinsi kila kimoja kati ya hivi vinne kinavyoharibika, jinsi ya kukigundua, na jinsi ya kukitibu.

Kazi yake huanza kwa kuuliza na kusikiliza. Unalala na mito mingapi? Ukipanda ngazi, wapumzika wapi? Miguu yavimba jioni? Maswali haya si ya kupoteza wakati. Mtu asiyeweza kulala chali kwa sababu pumzi hukatika, huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu na maji yanajaa mapafuni. Kisha daktari huweka stetoskopu kifuani. Vali iliyobana au inayovuja hutoa sauti yake, na sikio lililofunzwa huitambua kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Baada ya hapo huja vipimo. ECG huchora umeme wa moyo kwenye karatasi. Hufanywa kwa dakika chache, hakina maumivu, na huweza kuonyesha kwamba moyo umepata shambulio au kwamba mapigo yamepoteza mpangilio. Kipimo cha eko hutumia mawimbi ya sauti, kama kile cha mama mjamzito, na daktari huona moyo ukicheza kwenye kioo: vali zafunga vipi, nyama yasukuma kwa nguvu gani, kuna tundu au hakuna. Kipimo cha tatu ni kikubwa zaidi. Mpira mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, dawa ya rangi hupulizwa, na mishipa iliyoziba huonekana. Kwa mpira huo huo daktari anaweza kuupanua mshipa na kuacha ndani bomba dogo la waya liitwalo stenti. Hiki cha tatu chahitaji chumba maalumu na watu waliofunzwa, na vyumba hivyo ni vya kuhesabu nchini.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Daktari bingwa wa moyo hapasui kifua. Hutibu kwa dawa, kwa mpira wa mshipani na kwa betri ya kurekebisha mapigo. Anayefungua kifua, kubadilisha vali au kuziba tundu kwa mkono wake ni daktari mwingine, mpasuaji wa moyo, ambaye masomo yake yalifuata njia ya upasuaji tangu mapema. Christiaan Barnard, aliyempandikiza mtu moyo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani mjini Cape Town, Desemba 3, 1967, alikuwa mpasuaji. Wawili hawa hufanya kazi pamoja: wa kwanza hugundua na kuamua wakati wa upasuaji umefika, wa pili hupasua, kisha mgonjwa hurudi kwa wa kwanza kwa maisha yake yote. Yuko pia wa tatu, bingwa wa moyo wa watoto. Yeye husomea kwanza magonjwa ya watoto, maana moyo wa mtoto aliyezaliwa na tundu si moyo wa mzee mwenye presha.

Miaka mingapi darasani

Tumchukue msichana wa Machakos, au wa Malindi, aliyefaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne, na alama zake za bayolojia, kemia, hisabati na lugha ni za juu.

Hatua ya kwanza ni shahada ya udaktari, miaka 6. Hapo husoma mwili mzima, si moyo peke yake.

Hatua ya pili ni mwaka 1 wa mafunzo kazini, chini ya uangalizi, katika hospitali iliyoidhinishwa. Hospitali ya Machakos ni mojawapo ya zinazopokea madaktari hawa wapya. Huzunguka wodi za watu wazima, za watoto, za uzazi na za upasuaji. Akimaliza, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, humsajili. Sasa ni daktari kamili, lakini bado si wa moyo.

Hatua ya tatu ni shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani ya watu wazima, miaka 3 au 4 kulingana na chuo. Akimaliza huitwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Katika hospitali nyingi za kaunti, huyu ndiye anayewaona wagonjwa wa moyo, wa sukari, wa figo na wa mapafu, wote kwa pamoja.

Hatua ya nne ndiyo ya moyo wenyewe, miaka 2 au 3 mingine. Zamani ilibidi kuvuka bahari. Betty Gikonyo, bingwa wa moyo wa watoto, na mumewe Dan Gikonyo, bingwa wa moyo wa watu wazima, walianzia Chuo Kikuu cha Nairobi kisha wakaenda Minnesota, Marekani, kwa masomo hayo. Walirudi nyumbani, na baadaye wakaanzisha Hospitali ya Karen jijini Nairobi. Siku hizi mafunzo ya moyo yapatikana humu humu nchini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ingawa nafasi za kila mwaka ni chache.

Jumlisha: 6, na 1, na 3 au 4, na 2 au 3. Ni miaka 12 hadi 14, kama hakusimama hata siku moja. Na wengi husimama. Husimama kungoja kupelekwa mafunzo kazini, kungoja ajira, kungoja karo ya uzamili, na kulea. Msichana wetu akianza na miaka 19, akikaa kwenye kiti cha bingwa wa moyo kabla ya kutimiza 33, basi amekimbia sana.

Hatua ya pili ndiyo iliyozua zogo kubwa juzi juzi. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, hadi mapatano ya Mei 8. Moja ya sababu kuu ilikuwa hawa hawa wa mafunzo kazini. Makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikasema ina uwezo wa kulipa 70,000. Wako walioona ni ugomvi wa pesa tu. Mimi naona hivi: daktari wa moyo wa mwaka 2036 alikuwa katika kundi lile lililokaa nyumbani likingoja barua. Ukiziba mto kwenye chemchemi, usishangae kisima kikikauka.

Ambulensi yafika, kisha?

Katika muhula wake wa kwanza, gavana wa kwanza wa Machakos, Alfred Mutua, aliinunulia kaunti ambulensi 70. Lilikuwa jambo la kusemwa nchi nzima, na kwa mama mwenye uchungu au majeruhi wa barabara kuu ni msaada usio na shaka. Lakini ambulensi humpeleka mgonjwa kwa mtu. Mshipa wa moyo ukiziba, nyama ya moyo huanza kufa kadiri dakika zinavyokwenda. Gari likifika hospitali ambayo ECG haina karatasi, au zamu ya usiku haina wa kuisoma, ile mbio yote imeishia mlangoni.

Hili latugusa sisi pia. Kaunti zetu hupenda kuzindua majengo, maana jengo hukatiwa utepe. Kumsomesha daktari mmoja hadi awe bingwa wa moyo, kumpa mshahara na nyumba ili asihamie Nairobi, hakuna picha ya gazeti. Mwananchi anapokutana na mwakilishi wa wadi wake, swali la "hospitali itajengwa lini?" lifuatwe na la pili: "mna madaktari bingwa wangapi, na kaunti yawasomesha wangapi mwaka huu?"

Moyo hutibiwa mbali na bingwa

Tukubali ukweli. Hata kama vyuo vingeongeza nafasi leo, bingwa wa moyo hatafika kila kijiji katika miaka kumi ijayo. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi yake yafanywa, au yaharibiwa, na watu wengine kabla mgonjwa hajamfikia.

Chukua ugonjwa wa vali unaowashika vijana wetu. Mara nyingi haukuanzia kwenye moyo. Ulianza kwenye koo, mtoto akiwa na miaka kati ya 5 na 15. Alipata koo la bakteria, akapewa chai ya tangawizi, likapoa. Wiki chache baadaye viungo vikavimba na homa ikapanda, hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, vali hupata makovu. Akifika miaka 20 ana pumzi fupi, na kama ni mwanamke, mimba ya kwanza ndiyo humfichua, kwa hatari ya maisha yake. Penisilini ya mapema ingelimaliza koo lile. Na mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo huweza kulindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Dawa hii ni ya bei nafuu na haihitaji bingwa kuichoma. Yahitaji afisa wa kliniki, yule aliyesoma stashahada ya miaka 3 katika chuo kama KMTC, ambacho kina kampasi Machakos, ambaye atalichunguza koo na kuliweka sikio kwenye kifua.

Presha ni hivyo hivyo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, ni presha ya juu. Mtu hasikii kitu hadi moyo utanuke au mshipa wa kichwa upasuke. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini, takriban 100,000, mikoba yenye mashine ya kupimia presha. Mhudumu akibisha hodi, mpe mkono. Mkono huo ndio mwanzo wa kazi ya daktari wa moyo.

Hata baada ya upasuaji, kazi hurudi mashinani. Aliyewekewa vali ya chuma hula dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikizidi, hutoka damu. Ikipungua, vali huziba. Mtu wa Faza aliyepasuliwa Nairobi vizuri kabisa huweza kupoteza maisha kwa kukosa kipimo kidogo cha damu karibu na nyumbani. Kabla ya kukubali aina ya vali, muulize daktari: kipimo hiki nitakifanyia wapi?

Jinsi ya kujua uliye mbele yake

Si utovu wa adabu kumwuliza daktari cheti chake. Mwenye nacho haoni haya.

Kwanza, jina lake liko kwenye rejista ya KMPDC? Rejista hiyo yaonekana kwenye mtandao wa baraza, na leseni hufanywa upya kila mwaka. Maafisa wa kliniki wana baraza lao na rejista yao.

Pili, ni bingwa wa nini? "Bingwa" peke yake haitoshi. Bingwa wa magonjwa ya ndani ni msomi mkubwa na anaweza kukutibu presha na moyo uliochoka kwa uhodari. Lakini ukiambiwa mshipa wako wahitaji kupanuliwa, au vali yako ibadilishwe, basi onana na bingwa wa moyo mwenyewe kabla ya kuuza kiwanja.

Tatu, amekupima au amekutazama tu? Asiyekusikiliza kifua, asiyekupima presha, asiyetaka kuona karatasi zako za zamani, kisha akakupa chupa ya dawa isiyo na jina, ondoka. Na ukiambiwa uache vidonge vya presha kwa sababu umepata mitishamba, muulize kwanza daktari aliyekuandikia vidonge. Mwezi wa Ramadhani pia, usibadilishe saa za dawa kwa kukisia. Nenda kwa daktari wiki mbili kabla, akupangie za daku na za futari, au akueleze kama hali yako hairuhusu kufunga.

Uende wapi, na lini

Kifua kikibana kama kimekaliwa na gunia, maumivu yakienda bega la kushoto au taya, jasho likitoka bila joto, usingoje asubuhi wala usitafute bingwa. Nenda hospitali ya karibu yenye ECG, sasa hivi. Wanawake na wenye sukari huweza wasisikie maumivu makali, wakasikia tu kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida.

Pumzi ikikatika ukilala, miguu ikivimba, au ukizimia ghafla, onwa ndani ya siku hiyo. Mtoto anayetoka jasho na kuchoka akinyonya, asiyeongezeka uzito, au anayekuwa na midomo ya rangi ya zambarau, apelekwe kwa daktari wa watoto, naye atatoa barua ya kwenda kwa bingwa wa moyo wa watoto.

Kwetu mlango mkubwa wa umma ni Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara. Ukipewa rufaa ya Nairobi, uliza mambo matatu kabla ya kupanda basi: jina la kliniki na siku yake, karatasi za vipimo za kubeba, na ni kiasi gani bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa. Wengi wamefika na kurudishwa kwa kukosa moja ya hayo. Wenye jamaa Tanzania wajue pia kwamba Dar es Salaam, pale Muhimbili, iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoundwa mwaka 2015, inayotibu na kupasua moyo. Mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Mohamed Janabi, ndiye aliyechaguliwa mwaka 2025 kuliongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Si lazima kila safari ya moyo iwe ya India.

Shirika hilo lilikadiria kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zetu zikiwemo. Mabingwa tulio nao hawatoshi kuwafikia wote, wala watakaofuzu mwaka huu. Wiki hii, basi, kila nyumba ifanye mambo mawili: wote waliovuka miaka 40 wapimwe presha na waandike namba zao kwenye daftari, na mtoto mwenye koo na homa asikae siku ya tatu bila kuonwa zahanati. Daftari hilo, siku utakapofika mbele ya bingwa wa moyo, ndilo atakalouliza kwanza.